Umechemsha na bado tumbo linakusumbua? Mwongozo kamili wa maji ya kunywa ukisafiri ziwani

Watu wanaovuka Ziwa Victoria kutoka Mwanza kwenda visiwa vya Ukerewe, Ukara, Kome, au wanaolala melini kwenda Bukoba, wananiuliza swali moja hilohilo: nilichemsha maji yangu, nikabeba mwenyewe, mbona siku ya pili nikaanza kuharisha? Nikimwambia mtu anieleze alifanya nini tangu mwanzo nakuta kwenye kuchemsha hana kosa kabisa. Kosa liko baada ya hapo, aliyachuja na kitambaa cha jikoni yakiwa yameshachemka, akayamimina kwenye dumu alilolisuuza na maji mabichi, akafika kisiwani kesho yake yakawa yameisha, akanywa alichopewa.

Kwa hiyo nimeandika kila hatua, kuanzia nyumbani mpaka unarudi. Usiruke ya pili hata kama unaona unaijua.

## Andaa hivi kabla ya siku ya safari

- Dumu la lita 5 au 10, mdomo mwembamba, kifuniko cha kuzungusha kinachobana. Liwe jipya au lililokuwa la mafuta ya kupikia. Lililowahi kubeba petroli, dizeli au dawa ya shambani hapana, hata ukiliosha mara kumi, na kuchemsha hakuondoi petroli.
- Chupa ndogo ya kunywea, moja kwa kila mtu, yenye alama yake.
- Vidonge vya kutibu maji, Waterguard au Aquatabs, vinapatikana famasi. Angalia tarehe ya mwisho, na soma kidonge kimoja ni cha lita ngapi.
- Kitambaa safi cha pamba. Khanga kuukuu iliyofuliwa na kukauka juani inafaa kuliko mpya, nyuzi zake zimeshafumuka na kubanana.
- Kipande cha sabuni. Watu wanakisahau hiki kuliko vyote.
- Chupa ya chai ya kutunza joto, hasa kama una mtoto mdogo.
- Pakiti nne za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, na vidonge vya zinki kama kuna watoto.
- Chupa mbili za plastiki angavu, zisizo na rangi, zisizozidi lita 2. Utaona kazi yake mbele.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya kwenda NA kurudi

Mtu mzima kwenye jua la ziwani anahitaji kama lita 2 mpaka 3 kwa siku za kunywa tu. Ongeza nusu lita ya kupiga mswaki na kusukutua. Ukienda siku mbili na mwenzio hiyo ni kama lita 12 tayari, na wewe umebeba chupa mbili za lita moja na nusu unasema zitatosha.

Kwa nini nasisitiza: watu wengi hawaumwi kwa maji waliyotoka nayo, wanaumwa kwa maji waliyokunywa baada ya yale kuisha. Boti ikichelewa kwa sababu ya upepo, na ziwa letu likichafuka nahodha mwenye akili haondoki, unaongezewa nusu siku nzima ambayo hukuipangia maji. Beba ya ziada ya nusu siku, na kama huwezi kubeba zote basi hakikisha vidonge unavyo mfukoni, siyo kwenye begi lililowekwa chini ya mizigo.

Umefaulu kama: unaweza kutaja kwa lita maji ya kila siku yatatoka wapi.

## Hatua ya 2: Osha dumu kama unaosha sahani ya mgonjwa

Hapa nieleze yaliyonikuta. Nilienda kambi moja ya wavuvi nikakaa siku tatu. Siku ya pili nikachemsha maji mwenyewe kwenye jiko la mkaa, nikayaangalia mpaka yakatokota, nikayapoza, nimefunika. Halafu nikachukua dumu langu, nikaona lina mchanga kidogo chini, nikashuka ziwani hatua kumi tu, nikalisuuza, nikatikisa, nikamwaga, nikarudi kumimina yale maji safi ndani yake. Matone yaliyobaki ukutani mwa dumu yalitosha. Usiku wa siku iliyofuata sikulala, na nilikuwa mbali na zahanati.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Tia sabuni na maji kidogo ndani, ongeza mchele mkavu kijiko kimoja au mchanga safi, tikisa kwa nguvu. Ule mchele unakwangua utelezi ulioshika ukutani. Utelezi huo ndio nyumba ya vijidudu, ukiona dumu linateleza ukipitisha kidole mdomoni mwake jua bado.
2. Suuza mpaka povu liishe.
3. Yeyusha kidonge kimoja cha kutibu lita 20 kwenye maji lita 2 tu, mimina ndani ya dumu, funga, geuza huku na huku yaguse kila upande, acha nusu saa. Hayo ni makali, siyo ya kunywa, yamwage.
4. Osha kifuniko na zile pete za kufungia mdomoni. Hapo ndipo midomo na vidole vinapogusa.
5. Ligeuze chini juu likauke, halafu lifunge. Usilisuuze tena na kitu chochote kabla ya kutia maji.

Umefaulu kama: ndani hakuna harufu ya mafuta wala ya dagaa, na ukuta haunati wala hautelezi.

## Hatua ya 3: Chuja kwanza, chemsha baadaye

Huu mpangilio ndio unaokosewa sana majumbani. Mtu anachemsha, yakipoa anayachuja na kitambaa kilichokuwa kinaning'inia karibu na karai la vyombo. Amerudisha uchafu kwenye maji yaliyokuwa salama! Kitambaa kinaenda kwenye maji mabichi, basi.

Yaache maji yatulie kwanza kama yana tope. Mimina yale ya juu taratibu kupitia kitambaa kilichokunjwa mara nne. Hilo la kukunja mara nne lilipimwa vijijini Bangladesh, wanawake waliochuja maji na sari kuukuu iliyokunjwa, kipindupindu kikashuka karibu nusu kwenye vijiji vyao. Nusu ni msaada mkubwa lakini siyo kumaliza, ndiyo maana bado tunachemsha.

Sasa kuchemsha. Subiri mapovu makubwa yapande yenyewe kutoka chini, siyo vile vipovu vidogo vya pembeni mwa sufuria, halafu hesabu dakika moja nzima. Inatosha. Wengine wananiambia wao wanachemsha dakika ishirini kwa sababu huku kwetu ni juu. Ni kweli Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemkia kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, ila nyuzi 96 zinaua bakteria wa kipindupindu na homa ya matumbo, zinaua virusi, amiba na jamaa zake. Dakika tatu zinashauriwa kwa wanaoishi juu ya mita 2,000. Huo mkaa wa dakika nyingine kumi na tisa upikie ugali.

Funika, poza kwenye sufuria ileile. Usichote na kikombe kuonja kama yamepoa. Yakipoa mimina moja kwa moja kwenye dumu, bila kuingiza kidole mdomoni mwa dumu, bila faneli iliyotoka kabatini.

Ladha yake ya kupooza inaondoka ukiyamimina kutoka chombo kisafi kwenda kingine mara mbili tatu yapate hewa.

Una mtoto anayetumia maziwa ya unga? Maji yaliyochemka muda huohuo yatie kwenye chupa ya chai, uchanganye yakiwa bado ya moto sana, kisha upoze maziwa kabla ya kumpa. Mtoto chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji kabisa, hata kukiwa na joto, we mama kunywa ya kutosha umnyonyeshe.

## Hatua ya 4: Ukinunua bandarini, ikague chupa kabla ya kulipa

Geti la bandari na pale Kirumba maji ya chupa yapo tele, na mengi ni mazuri. Ila chupa tupu zinaokotwa pia. Angalia mambo haya ukiwa bado umeshika hela yako:

Pete ya kifuniko iwe imeshikana na kifuniko, na ukifungua isikike ikikatika. Alama ya TBS iwepo, tarehe isomeke, lebo isiwe imegandishwa upya. Igeuze chupa chini juu uibane kidogo, isivuje hata tone. Shika kwenye mwanga, kusiwe na kitu kinachoelea.

Na usichukue ile iliyokaa juani kutwa nzima kwenye meza wakati muuzaji ana katoni kivulini, mwombe tu, "Dada naomba ya kwenye katoni." Atakupa.

## Hatua ya 5: Ukiwa melini au kwenye mtumbwi

Maji ya bomba la chooni melini ni ya kunawa. Usipigie mswaki, watu wanadhani kusukutua na kutema siyo kunywa, lakini kiasi kinachobaki mdomoni kinatosha. Tumia ya chupa yako.

Barafu ndiyo inanitisha kuliko vyote. Barafu nyingi inayopita kwenye mialo yetu, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, imetengenezwa kwa ajili ya samaki, inasagwa, inamwagwa sakafuni, inapakiwa kwa koleo juu ya sangara. Mtu akikuwekea kipande cha hiyo kwenye juisi uelewe imetoka wapi. Kuganda hakuui vijidudu, kunavilaza tu. Soda ya chupa iliyopoa kwenye friji, sawa, ila futa mdomo wa chupa kama ilikuwa imezamishwa kwenye ndoo ya maji ya barafu.

Kikombe cha pamoja kile kilichofungwa kamba kwenye ndoo ya maji, achana nacho. Hata kama maji ya asubuhi yalikuwa salama, kufikia mchana yameguswa na mikono ya watu arobaini. Mimina kutoka dumu lako, usichovye, na usinywe kwa kuweka mdomo kwenye dumu.

Nawa kwa sabuni kabla ya kula na ukitoka chooni, sekunde ishirini. Maji salama ukiyanywa huku unakula kitumbua kwa mkono mchafu ni kazi bure.

### Ukikaribishwa maji nyumbani kwa watu

Hili gumu, najua. Umefika Ukara, mama mwenye nyumba kakuletea maji kwenye kikombe kabla hata hujaketi, na kukataa ni kumvunjia heshima. Mi husema hivi: "Shikamoo mama, asante sana, safari imenipa baridi tumboni, naomba chai ya rangi kama ipo." Chai imechemka mbele yenu, heshima imebaki, na wewe uko salama. Uji wa moto nao sawa. Kama maji ni hayo tu, pokea kwa mikono miwili, shika, endelea na mazungumzo.

Kwa mama ntilie usiulize "maji yako masafi?" maana atajibu ndiyo na ana haki ya kuudhika. Uliza, "Mama haya yamechemshwa saa ngapi?" Atakayekuambia saa na kukuonyesha ndoo yenye koki na kifuniko, kunywa.

## Hatua ya 6: Yameisha, na mbele yako kuna ziwa tu

Hapa nenda polepole.

Chagua pa kuchota. Usichote mwaloni. Pale dagaa wanaoshwa, nguo zinafuliwa, injini zinamwaga mafuta, na vyoo havipo mbali. Mwombe mtu mwenye mtumbwi akuchotee mbali na ufukwe, ndoo izamishwe chini kidogo ya uso wa maji, na mtumbwi uwe umesimama kabisa. Usiiname kutoka kwenye chombo kinachotembea. Vaa laifu jaketi.

Angalia rangi. Maji yakiwa na ukijani kama rangi imemwagwa juu yake, au utando unaokusanyika pembeni na kunuka kama majani yaliyooza, usiyatumie kwa njia yoyote. Kwenye ghuba ya Mwanza huo ukijani tunauona hasa maji yakitulia. Ni vijidudu vya jamii ya mwani, baadhi vinatoa sumu, na kuchemsha hakuiondoi hiyo sumu, kunaweza hata kuvipasua vikaitoa yote. Vidonge hivyohivyo haviaminiki hapo. Tafuta chanzo kingine, kisima, maji ya mvua, au duka.

Tuliza, chuja, halafu tibu. Dawa inapotezwa na tope. Ukitia kidonge kwenye maji ya udongo, klorini inaishia kupigana na udongo na wadudu wanabaki.

### Kama una vidonge

Vingi vya kwetu ni kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20. Kosa la kawaida ni kukimega vipande kwa macho ili kitoshe chupa ya lita moja, hapo unapata kali mno au hafifu mno. Azima ndoo ya lita 20, jaza, tia kimoja, majirani zako safarini nao watashukuru. Maji yakibaki na ukungu hata baada ya kuchuja tia viwili. Koroga kwa kijiko kisafi, funika, subiri dakika 30 kwa saa, siyo kwa kukadiria. Weka kivulini, jua linaila klorini.

Ukimimina kwenye chupa yako, legeza kifuniko uyaache maji yenye dawa yapite kwenye pete za mdomo kabla ya kubana.

Umefaulu kama: baada ya nusu saa unasikia harufu nyepesi ya dawa, kama bombani mjini. Harufu hakuna kabisa? Rudia kipimo kilekile, subiri nusu saa nyingine. Ikikosekana tena hayo maji ni machafu mno, yaache.

Jiki ya kufulia usiitumie kwa kukisia. Nguvu yake inatofautiana na nyingine zimetiwa manukato.

Na kidonge kina udhaifu wake, kuna vijidudu vya kuharisha vyenye ganda gumu ambavyo klorini haivimudu. Ukipata moto, chagua moto.

### Kama huna vidonge wala moto

Hapo sasa ndipo zile chupa mbili angavu zinafanya kazi. Zijaze maji yaliyochujwa, zifunge, zilaze juu ya bati au jiwe linalopigwa na jua, na miamba Mwanza hatukosi. Saa 6 za jua kali, mfano kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Siku ya mawingu mengi ziache siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha mfululizo njia hii haifai.

Jaribio lake: simamisha chupa ndogo iliyojaa juu ya gazeti, chungulia kutoka mdomoni kwenda chini. Ukishindwa kusoma maandishi kupitia maji, yana tope sana, miale ya jua haitapenya. Chuja tena.

## Hatua ya 7: Miguu yako pia ni mlango

Unaweza kunywa maji salama wiki nzima na bado ukarudi na kichocho, maana minyoo yake inaingia kwa ngozi. Konokono wa kwenye majani ya kando wanaitoa, zaidi mchana jua likiwa kali, na inapenya dakika chache tu ukisimama majini. Kwenye mialo isiyo na gati unalazimika kushuka maji magotini, basi vaa buti za mpira au pita haraka ujikaushe kwa kusugua na taulo, ingawa kusugua siyo kinga ya kutegemea.

Maji ya kuoga: chemsha, au yaache kwenye pipa lenye kifuniko lisilo na konokono kwa siku mbili kamili, minyoo hiyo haiishi zaidi ya hapo bila kumpata mtu. Lakini hiyo ni ya kuoga, siyo ya kunywa.

## Hatua ya 8: Kuharisha kukianza

Usisubiri kufika mjini. Yeyusha pakiti moja ya ORS kwenye maji salama kiasi kilichoandikwa, mara nyingi lita moja, kunywa kidogo kidogo kila unapotoka chooni. Huna ORS? Lita moja ya maji salama, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Ukizidisha chumvi unamdhuru mgonjwa, hasa mtoto. Mchanganyiko ukikaa zaidi ya saa 24 mwaga. Mtoto wa zaidi ya miezi sita apewe na zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 mpaka 14, hata akipata nafuu mapema, na kunyonya kuendelee.

Tafuta boti ya kwenda zahanati muda huohuo, hata kama ni usiku na inabidi uamshe watu, ukiona choo kama maji ya kuoshea mchele kinachotoka kwa wingi, macho yameingia ndani, mkojo umekata, mtoto analegea, au kuna damu. Kipindupindu kinaweza kumaliza mtu mzima mwenye afya ndani ya saa chache, na njiani endelea kumpa ORS bila kuacha.

Ukirudi nyumbani osha dumu siku hiyohiyo, lianike chini juu bila kifuniko mpaka likauke. Homa ikija ndani ya wiki tatu usimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha, nenda ukapime na umwambie daktari ulikuwa visiwani. Na kama uliingia majini, kipimo cha kichocho subiri wiki 6 mpaka 8 ndipo ukapime, ukiwahi mno kinaweza kukuambia huna wakati unayo.